TAHADHARI: Jamaa anayeuza picha na maelezo ya gemu za simu, Arusha na Moshi

Ndugu zangu mnaotengeneza gemu za simu hapa Arusha na Moshi, someni hili kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anapita kwenye makundi ya WhatsApp akitangaza "kifurushi kamili cha Play Store": aikoni, bango, picha za skrini na maelezo yote, shilingi 180,000, kazi siku tatu. Mimi nimemlipa. Nilichopata ni picha za wizi na maandishi ambayo hakuna Mtanzania atakayeyaelewa. Simu zangu hapokei tena, na wiki iliyopita tangazo lake nimeliona kwenye kundi la vijana wa Moshi.

Gemu yangu ni ya karata, nyepesi, ya kuchezwa ukiwa kwenye daladala au foleni ya benki. Nimeijenga usiku kwa miezi saba baada ya kazi. Kuandika programu najua, kuchora sijui, ndiyo maana nikatafuta fundi.

Tulikutana mgahawani karibu na Mnara wa Saa. Mtu mtaratibu, amevaa vizuri, ana tableti imejaa picha za gemu zinazovutia. Ofisi yake alisema iko ghorofani jengo la jirani ila inapakwa rangi. Nikatuma advansi ya 100,000 palepale. Kabla sijaweka namba ya siri, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, siyo lile alilonitajia. Akasema ni laini ya mke wake. Nikakubali, nikatuma. Ukiona jina halifanani, rudisha simu mfukoni, hata kama chai mmeshakunywa pamoja.

Siku ya tatu akanitumia mzigo, nikamalizia 80,000 kwa furaha bila kuukagua. Jumamosi nikaenda nao kijiweni Ngarenaro, kwa wazee wanaocheza karata chini ya mwarobaini, maana gemu yenyewe nimejifunzia kwao. Nikamwamkia mzee mmoja, nikampa simu aone aikoni. Akavaa miwani, akakaa kimya muda mrefu, kidole kikitembea juu ya kioo. Halafu akasema, "Mwanangu, hii saba ya kopa mbona ina kopa nane?"

Nikahesabu. Nane. Juu ya kona imeandikwa 7. Na mkono ulioshika zile karata, ukiukuza, una vidole sita. Ile picha ilitolewa na akili mnemba na hakuna mtu aliyeitazama mara ya pili kabla ya kuniuzia kama kazi ya mkono. Mchezaji wa karata anahesabu kopa bila kujijua. Akiona saba yenye nane, anajua aliyetengeneza gemu hii hajui karata, anapita.

Bango ndilo baya zaidi. Google Play wanataka bango la pikseli 1024 kwa 500, na aikoni ya 512 kwa 512. Bango lake lilikuwa picha ndogo iliyovutwa kwa nguvu, kingo zote zina ukungu. Nilipolikuza, kona ya chini kulia kulikuwa na doa la kijivu lenye mabaki ya herufi: alama ya tovuti inayouza picha, imefutwa nusunusu. Nikalipakia kwenye TinEye, ambayo inatafuta picha kwa picha, na asili yake ikatokea kwenye tovuti ya nje, inauzwa, na jina la mchoraji lipo. Michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Na akaunti ya Play Store ina jina langu, siyo la huyo jamaa. Mchoraji akilalamika, atakayefuatwa ni mimi.

Juu ya picha hiyo ya wizi alikuwa amerundika sarafu za kasino na noti za dola, na maneno "SHINDA PESA SASA". Gemu yangu haina hata senti moja ndani yake! Ndugu zangu, hili si jambo dogo. Michezo ya kubahatisha hapa nchini ina Bodi yake na leseni zake, na Google nao wana masharti makali kuhusu gemu za fedha. Zaidi ya hapo, kijana atakayepakua akitegemea pesa ataifuta ndani ya dakika mbili na kukuachia nyota moja, na atakuwa na haki.

Sasa maelezo. Haya nayasema kwa uchungu, kwa sababu Kiswahili ni chetu. Aliyabandika kutoka kwenye gemu ya Kiingereza, akayapitisha kwenye mashine ya tafsiri, akayatuma hivyohivyo. "Changanya sitaha yako!" Sitaha ni ya meli. "Chagua suti unayopenda: mioyo, majembe, vilabu." Yaani kopa imekuwa moyo, shupaza imekuwa jembe, na mtoto anaambiwa achague vilabu. Neno turufu halimo. Garasa, yaani karata isiyo na thamani, halimo. Ree, ile karata yenye A, halimo. Chini yake amepanga mistari kumi na minne ya maneno matupu, karata karata bure karata Tanzania karata Bongo, akidai ndivyo gemu inavyopanda kwenye utafutaji. Sera za Google zinakataza kurundika maneno namna hiyo, na gemu inaweza kuondolewa dukani.

Hata jina alilopendekeza lisingepita: "Karata Bora Namba 1 Bure Tanzania". Ni herufi 33 ukihesabu na nafasi, na mwisho ni 30. Tena kujiita namba moja au kuandika bure kwenye jina hakuruhusiwi. Mtu anayefanya kazi hii kweli anajua hayo kabla ya kuwasha kompyuta. Muulizeni mapema: jina mwisho herufi ngapi, maelezo mafupi ngapi, marefu ngapi? Ni 30, 80 na 4,000. Akianza kuzungukazunguka, mnyanyukieni.

Lililonishtua kuliko yote ni alipotaka barua pepe na nywila ya akaunti yangu "anipandishie mwenyewe". Niliponyimwa usingizi na hilo wazo, nikakataa. Kijana mwenzetu wa Kiboriloni alimpa. Baada ya wiki mbili akakuta gemu tatu za kamari zimepandishwa kwa jina lake, na akaunti ikafungwa. Nywila haitolewi kwa mtu yeyote. Play Console, ukurasa wa Google wa kusimamia gemu zako, ina sehemu ya kumwalika mtu kwa barua pepe yake mwenyewe, ukampa ruhusa ya kuhariri ukurasa wa duka tu, na siku kazi ikiisha ukamwondoa.

Kazi nimeianza upya na binti wa Sakina anayechora kwa mkono. Kabla ya malipo alinionyesha michoro ya penseli, na mwisho akanipa faili zenye matabaka, ili kesho nikitaka kubadili rangi nisimsumbue. Aikoni yake ni karata moja tu, ree ya shupaza, kubwa, imeinama kidogo, bila neno lolote. Aliniambia kwenye simu aikoni ni saizi ya ukucha, ukiweka karata tano zinakuwa uchafu. Picha za skrini, ambazo ni mbili kwa uchache na nane kwa wingi, tumezipiga kwenye mchezo wenyewe, na ya kwanza inaonyesha turufu ikipigwa mezani. Maelezo mafupi nimeandika mwenyewe: "Cheza karata na rafiki kwenye simu moja, hata bila bando." Herufi 58 ukihesabu na nafasi na alama. Wale wazee wa Ngarenaro nimewasomea, wameelewa yote.

Huyo jamaa atawauzia pia "maoni mia mbili ya nyota tano". Msinunue, maoni ya kununua yanafutwa na yanaweza kuondoka na gemu yako.

Namba aliyotumia nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na RB ya polisi nimefungua hapa Arusha. Mlio Moshi mliomlipa, msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo ya WhatsApp. Nendeni kituo cha karibu mkafungue RB zenu, na mtajeni kwa namba ya simu, maana majina anabadilisha.