Kopi ya picha ya Iroquois Theatre baada ya moto: imeprintiwa vizuri, ila wameikata pembeni

Nimekaa nayo wiki mbili ndo naandika. Ni ile picha ya ndani ya ukumbi wa Iroquois Theatre, Chicago, baada ya moto wa tarehe 30 Desemba 1903, nilioda saizi kubwa niitundike kwenye chumba ninachofundishia watu usalama wa moto. Uchapaji wenyewe hauna shida kabisa, karatasi nzito haing'ai, weusi ni weusi kweli sio kijivujivu, ukisogea karibu unaona viti safu kwa safu vimebaki vyuma vitupu na juu yake roshani zimesimama palepale.

Na kwenye roshani ndo penye uchungu. Walikufa watu 602, wengi wanawake na watoto maana shule zilikuwa zimefungwa na onyesho lilikuwa la mchana, na wengi walikuwa wamekaa huko juu. Ukumbi haukuwa na hata miezi miwili tangu ufunguliwe, ulitangazwa kwamba hauungui, na kweli jengo halikuanguka, mwaka uliofuata likafunguliwa tena kwa jina lingine, walioisha ni watu. Taa ya jukwaani ilitoa cheche ikashika mapazia, lile pazia la kuzuia moto wakalishusha likakwama njiani, wasanii wakafungua milango ya nyuma wajiokoe, upepo ukaingia ukausukuma moto wote kwa watazamaji, na huku watu wanakimbilia milango mingine imefungwa, mingine inafungukia ndani kwa hiyo umati ukishaibana basi tena, na ngazi za juu zina mageti yenye kufuli. Kila nikiielezea sauti inanikatika.

Sasa lalamiko langu. Sampuli waliyoweka mtandaoni ilikuwa na picha nzima mpaka kuta za pembeni, niliyoletewa imekatwa kulia na kushoto ili ienee kwenye fremu. Jamani kuta ndo nilikuwa nazitaka! Nataka mwanafunzi aweke kidole kwenye kiti cha katikati ahesabu viti mpaka ukutani, halafu aniambie mtoto wa miaka sita anapitaje hapo gizani kwenye moshi.

Lingine ni maelezo ya chini, wameandika "moto ulioteketeza jengo". Sio kweli, na picha yenyewe inawakatalia, jengo si hilo hapo limesimama? Ukiandika hivyo mtu anadhani kosa lilikuwa la kuta wakati kosa lilikuwa la milango.

Niliwaandikia, wakajibu siku hiyohiyo kwa heshima, wamekubali kuprinti upya bila kukata na kurekebisha maelezo, mzigo bado haujafika. Kwa sasa nawapa nyota 3. Kufungasha wako vizuri, bomba gumu, haijapata hata mkunjo. Ukioda waambie kabla hujalipa kwamba unataka picha nzima na waache ukingo mweupe, wanafanya ila mpaka uwaombe.