Muziki wa kusubiri kwenye simu za ofisi: kipi ununue kwanza, kipi uache

Anayepiga ofisi yako ya Dodoma huenda ameshika kitochi, yuko sokoni Majengo. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Besi haifiki, na mitandao ya mkononi hubana sauti kwa njia iliyotengenezwa kwa ajili ya maneno. Ndiyo maana wimbo unaotamba kwenye spika ya mapokezi unamfikia mteja kama redio iliyotumbukia pipani.

Kwa hiyo tenga kwanza fedha ya rekodi, kisha ya mashine. Chagua ala chache na sauti ya mtu mmoja. Zeze na marimba za Kigogo zinapita vizuri, kwa sababu utamu wake uko katikati ya masafa ya simu. Muheme, pamoja na uzuri wake wote, usiupeleke huko: ngoma zinazotikisa kifua kiwanjani zinabaki kama mtu anagonga meza. Bongo Fleva yenye besi nzito nayo hali ni hiyohiyo.

Kununua wimbo wa kusikiliza hakukupi ruhusa ya kuupigia wateja. Hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999, na pa kuuliza ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Njia tunayoipendelea ni kuwalipa wanamuziki wa hapahapa, kwa mfano wa Chamwino, wakurekodie dakika 5. Andikianeni mkataba unaotaja matumizi ya simu, muda wake na nani anamiliki rekodi.

Sasa mashine. Kwa ofisi yenye simu 5 hadi 20, nafasi ya kwanza tunaipa PBX ndogo ya IP, yaani mashine ya kugawa simu za ofisi inayotumia mtandao wa kompyuta, mfano Grandstream UCM6302 au Yeastar P520. UCM6302 ina matundu 2 ya laini za kawaida za nje na 2 ya simu za zamani au faksi. P520 inabeba watumiaji 20 na mazungumzo 10 kwa wakati mmoja. Unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio kwa kompyuta, unapandisha faili, basi. Andaa faili la sauti la WAV, la mono (chaneli moja), biti 16, hezi 8,000. Dakika moja ni kilobaiti 960, kwa hiyo dakika 5 hazifiki megabaiti 5. Wengi hukosea hapa: wanabadilisha muziki wa mfumo mzima na kusahau kwamba foleni ya wapigaji ina chaguo lake. Mteja wa foleni anaendelea kusikia kinanda kilekile cha kiwandani. Ruta, swichi ya mtandao na PBX zote zikae kwenye UPS moja, maana umeme ukikatika PBX iliyo hai peke yake haina faida.

Nafasi ya pili ni Asterisk, programu inayoigeuza kompyuta kuwa PBX, kwenye kompyuta yako mwenyewe. Programu ni ya bure, fundi si wa bure. Kama hamna mtu wa kompyuta ofisini, ruka. Badilisha faili kwa amri hii ya programu ya sox:

sox wimbo.wav -r 8000 -c 1 -b 16 kusubiri.wav gain -n -6

Weka faili ndani ya /var/lib/asterisk/moh, kisha andika «moh reload» ndani ya dirisha la amri la Asterisk. Ukisikia kimya, mara nyingi faili bado ni ya hezi 44,100, au mtumiaji wa Asterisk hana ruhusa ya kuisoma.

Una PBX ya zamani ya analogi na bado inafanya kazi? Usiitupe. Nyingi zina tundu la muziki wa nje, na kicheza MP3 kidogo kinatosha. Ila kabla ya kulipa, chomoa umeme dukani, urudishe, uone kama kinaanza kucheza chenyewe. Kisichoanza kitakuachia kimya kila umeme unapokatika, na hakuna atakayekuambia, kwa sababu wa ofisini hawasikii. Anza na sauti theluthi moja; ikizidi inakwaruza. Mvumo wa «mmmm» chini ya muziki husababishwa na ethi za vifaa viwili kukutana. Transfoma ndogo ya kutenganisha, omu 600 kwa 600, huumaliza.

Redio iwe ya mwisho kabisa: itawasomea wateja wako tangazo la mshindani. Na mwito wa mtandao anaousikia mpigaji kabla hujapokea ni kitu kingine. Ukiununua, bado atakaa kimya akisubirishwa.

Ujumbe wa maneno uuweke sekunde ya 15, kwa sababu wapo wasiosubiri hadi dakika ya pili. Sekunde 8 zinatosha kutaja saa za kazi na namba mbadala. Kwenye laini za IP tumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, si G.729 iliyoundwa kwa ajili ya maneno, na uzime kipengele cha kukata ukimya, la sivyo sehemu tulivu za zeze zitamezwa.

Jaribu kwa kitochi, kupitia mitandao miwili tofauti, ukiwa umesimama kwenye kelele. Maneno yasiposikika hapo, punguza muziki ulio chini yake kwa desibeli 12, upandishe faili upya, upige tena.