Ziara ya siku moja Kigoma: michikichi ya Simbo na mji wa Ujiji, uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kwanza kila nikiitaja safari hii. Tulilipa elfu sitini kwa kichwa, usafiri na chakula cha mchana ndani yake. Kwa sisi tunaoishi Kigoma hiyo ni hela, hasa ukizingatia kwamba daladala za Ujiji zipo kutwa nzima. Lakini nilikuwa na mgeni, shangazi yangu wa Unguja, mtu mzima ambaye magoti yake hayataki habari za bodaboda. Kwao watalii hupelekwa kila siku kunusa mdalasini na kutafuna karafuu shambani, kisha wakarudishwa Mji Mkongwe. Nikasema na yeye aone tuna nini huku bara. Waliotupeleka siwataji, kwa sababu nina manung'uniko nao. Ni vijana wa hapahapa mjini, wana Noah safi na dereva mwenye adabu.

Asubuhi tulielekea upande wa Simbo, barabara ya Kasulu. Hapa sina la kulalamika. Mwenye shamba ni mzee anayependa kazi yake, na hakutusomea risala. Alichukua machikichi mawili, akayakata katikati kwa kisu na kuyaweka kiganjani mwa shangazi. La kwanza lilikuwa na kokwa kubwa lenye gamba nene, nyama yake kidogo tu kuzunguka pembeni. Hiyo ni dura, michikichi ya zamani iliyojaa mkoa huu. La pili gamba lake jembamba na karibu lote ni nyama. Hiyo ni tenera, chotara wa dura na pisifera, aina isiyo na gamba. Nyama ndiyo inayotoa mawese, kwa hiyo ukishayatazama hayo mawili huhitaji kuelezwa kwa nini Serikali inawahimiza watu kupanda tenera. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipoanza kulivalia njuga zao hili, kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya Serikali ya utafiti wa kilimo, kimekuwa kikizalisha mbegu hizo. Nikamuuliza mzee mbona basi dura zake hajazikata. Akacheka. "Mwanangu, hizi zinanilisha wakati zile zinakua. Nikizikata leo, utanilisha wewe?"

Baada ya hapo tukaenda kwenye kukamua. Machikichi yalishapukuchuliwa kutoka kwenye mikungu na kuchemshwa kwenye pipa mpaka yakalainika, na harufu yake ukiwa karibu inashika hadi kwenye nguo. Mashine yenyewe haina injini. Ni chuma chenye mti mrefu, watu wanausukuma wakizunguka, na kila mzunguko unavyokaza ndivyo mafuta mekundu yanavyochuruzika chini. Shangazi alijifunga kanga kiunoni akasukuma na yeye, magoti au si magoti. Mama mmoja aliyekuwa jikoni akatufundisha jambo ambalo miaka yote nanunua mawese sokoni sikuwahi kulijua: mafuta yakishakamuliwa yanarudishwa motoni kuondoa maji, na unayasikiliza. Yakiwa na maji yanapiga kelele. Yakinyamaza, yameiva, ipua.

Makapi yanarudi kuwa kuni za kuchemshia mzigo unaofuata. Kokwa zinaanikwa, zinapasuliwa, mbegu ya ndani inatoa mafuta mengine kabisa, ya mise, ambayo yanakwenda zaidi kwenye sabuni. Mzee alipoanza kujisifu kwamba mti wake hautupi kitu, shangazi hakukubali kushindwa. "Na sisi makonyo ya karafuu hatutupi, baba. Pemba yanatolewa mafuta." Wakabishana hapo vizuri sana, watu wawili wanaojua wanachokisema, na sisi wengine tukawa wasikilizaji. Ziara nzima ingekuwa hivyo ningetoa nyota tano bila kufikiri.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, ya mawese. Kitamu. Vyombo visafi.

Sasa Ujiji. Tulifika alasiri imekwishaingia kwa sababu shambani hakuna aliyekuwa anaangalia saa, na hapo ndipo ziara ilipoanza kukimbizwa. Tulipelekwa moja kwa moja kwenye makumbusho ya Livingstone. Kiingilio, kumbe, hakikuwamo kwenye ile elfu sitini, na hakuna aliyetuambia mpaka tuko mlangoni. Kwa mgeni wangu nililipa kimyakimya, ila ningependa kuyajua hayo tangu siku ya kuweka nafasi.

Pale unaona mnara, unaona miembe inayosemwa ni uzao wa ule mwembe ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake, na sanamu za wazungu wawili wakivuliana kofia. Kijana aliyetuongoza akatoa maelezo kwa kasi ya mtu aliyeyakariri: Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alimkuta hapa tarehe 10 Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, kabla yao wapelelezi Burton na Speke walifika mwaka 1858. Shangazi akauliza Ziwa Tanganyika liko wapi, maana aliambiwa walikutana ufukweni. Limerudi nyuma, akajibiwa. Akauliza tena, waliokuwa na huyo Livingstone ni akina nani? Kijana akasema "wapagazi" na kuendelea. Hapo nikaudhika kidogo. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka kumpokea Stanley na kumkimbilia bwana wake na habari, na ni Susi na mtumishi mwenzake Chuma, pamoja na wengine, waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873. Hilo ni la kusemwa papo hapo, si la mtu kwenda kulisoma nyumbani.

Halafu tukaambiwa tupande gari. Yaani Ujiji imekwisha!

Nikakataa. Ujiji ni mji, si ua wa makumbusho. Ni mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ikapita Tabora. Pembe za ndovu na watumwa waliotoka ng'ambo ya ziwa walipitishwa hapa, na baadhi yao waliishia kwenye masoko ya Unguja, kwao shangazi. Mwinyi Kheri, mkubwa wa hapa katika miaka ya 1870, alikuwa mfanyabiashara wa kutoka pwani. Ziara inayomleta mtu wa Unguja Ujiji bila kumwambia hayo imempunja. Dereva, Mungu amjalie, akakubali kutuzungusha mitaani. Tukashuka penye baraza moja, wazee wamekaa na kofia zao, shangazi akaamkia. Mzee mmoja akasikia lafudhi.

"Bibi, wewe wa Unguja. Mtaa gani?"

"Kikwajuni."

Basi. Yakaanza ya maulidi, ya zikri za tarika ya Kadiria, ya babu zao waliovuka ziwa kutoka Manyema, Kongo, wakabaki hapa, wakioana na Waha na watu wa pwani. Dakika chache tu, huku kijana wetu akichungulia simu kila mara. Katika ratiba yote hapakuwa na mahali penye thamani kuliko baraza lile, na lenyewe halikuwamo.

Shamba nalipatia nyota tano, Ujiji mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya dereva. Ukienda nao, wabane kabla ya kutoa hela: muondoke saa moja asubuhi, kiingilio kijulikane, na muwe na saa nzima ya kutembea Ujiji kwa miguu mkiwa na mwenyeji wa mtaa. Uliza pia kama siku hiyo kuna watu wanaokamua, la sivyo utaonyeshwa mashine iliyolala. Stesheni ya reli ya Mjerumani wameiweka kwenye orodha, lakini iko Kigoma mjini, utaiona mwenyewe bila kulipa mtu.

Na ukinunua mawese shambani, weka nailoni mdomoni mwa dumu kabla ya kufunga kifuniko, kisha dumu lisafiri limesimama. Kanga ya shangazi mpaka sasa ina doa, na doa la mawese halitoki.