Picha za Babu na Bibi Nyumbani: Tulichopata kwa Shilingi 220,000

Mwezi uliopita nilimlipa mpiga picha mmoja wa hapa Tanga shilingi 220,000 ili aje nyumbani kwa babu na bibi yangu, Ngamiani, awapige picha pale pale wanapoishi. Studio yake sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko ambayo tulikwisha kuyamaliza ana kwa ana. Huduma yenyewe, hata hivyo, nitaieleza kwa kirefu ili anayefikiria kuilipia ajue ananunua nini. Bei hiyo ilijumuisha saa tatu za kazi, picha 40 zilizohaririwa na kuwekwa kwenye flashi, picha 10 zilizosafishwa kwa ukubwa wa inchi 5 kwa 7, na moja kubwa ya A3 ndani ya fremu.

Kilichonifanya nimwamini ni alichofanya siku moja kabla. Alikuja alasiri bila kamera, akaamkia, akaketi barazani na kunywa kahawa na babu, ambaye alifanya kazi ya reli tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha akaendelea na Shirika la Reli Tanzania (TRC) mpaka alipostaafu. Babu akipata msikilizaji hamwachi, na kijana yule hakuonyesha dalili ya kuchoka. Kila baada ya muda alinyanyua macho na kutazama jua linaingilia wapi. Nyumba ya babu ni ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kwa hiyo ndani ni giza karibu mchana kutwa, isipokuwa asubuhi mlango wa uani ukiachwa wazi. Hapo ndipo alipochagua. Flashi ya kamera alisema hataitumia, kwa sababu ingemulika kwenye miwani ya babu na kuyafunika macho.

Bibi alikulia Unguja, wakati ambapo kupiga picha kulikuwa ni safari ya kwenda studio, kama ile ya Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Kwake yeye picha ni kukaa wima, mikono juu ya magoti, na kutocheka. Mpiga picha hakubishana naye. Kwa muda wa nusu saa nzima aliwapiga hivyo hivyo walivyotaka, babu akiwa na kanzu na kofia ya kiua, bibi akiwa amejitanda kanga mpya, na babu akinitania kwamba leo mke mdogo lazima asimame pembeni, hii ni ya mke mkubwa. Kisha akaiweka kamera mezani, akasema amechoka na anaomba chai. Nadhani hakuwa amechoka hata kidogo. Bibi alipoona shughuli imekwisha, alijifunga kanga ile kiunoni, akaenda uani kukuna nazi ya mchana, na kijana akamfuata taratibu.

Picha iliyotoka pale ndiyo iliyostahili fedha yote. Bibi amekaa juu ya mbuzi, kichwa ameinamisha, kifuu kimejaa kiganjani na nazi iliyokunwa imemganda kwenye bangili. Mguu mmoja ameusogeza mbele kwa namna ile ambayo mimi nimeiona tangu utotoni bila kufikiri kwamba kuna siku sitaiona tena.

Kabla ya kuondoka aliskani picha yao ya harusi ya mwaka 1968 pamoja na nyingine chache. Ile ya harusi, nyeusi na nyeupe, bado imesimama imara, ilhali za miaka ya themanini za rangi zimegeuka nyekundu. Alieleza kwamba picha nyeusi na nyeupe za zamani zimejengwa kwa madini ya fedha, lakini za rangi hutegemea rangi zinazofifia kila moja kwa kasi yake. Zilizokuwa zimenasa kwenye albamu ya gundi alizibandua kwa kupitisha uzi mwembamba nyuma yake, akisogea kidogo kidogo kutoka pembe moja hadi nyingine, na hakuna hata moja iliyochanika. Kazi hiyo haikuwa ndani ya mapatano yetu na hakuitoza.

Sasa malalamiko. Kuchelewa sitakuzungumzia sana: aliahidi siku saba, zikawa kumi na mbili. Kilichoniudhi ni uhariri. Bibi alikuwa amefanywa mweupe kuliko alivyo, mikunjo ya uso imelainishwa kama plastiki, na babu alikuwa amefutwa alama ya sijda kwenye paji la uso, kana kwamba ni doa. Kwenye ile picha ya nazi, upande wa chini ulikuwa umekatwa, na jina la kanga likaondoka nao. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na mtu wa pwani anayekata jina la kanga ya bibi kizee sijui anafikiria nini. Kanga hiyo bibi aliitoa sandukuni usiku wa kuamkia siku ya picha, akiwa amezikunjua nyingine tano na kuzirudisha, kwa sababu ya maneno yake: Hasidi hana sababu.

Nilipomrudia, alisema wateja wengi humwomba awang'arishe, na kwamba alidhani anatupendeza. Alizihariri upya picha 11 bila malipo na kunipa mafaili yote ya asili, ambayo mwanzoni hayakuwa sehemu ya bei. Bila mafaili hayo jina la kanga lingepotea moja kwa moja, kwa hiyo ningemshauri yeyote ayadai kabla ya kulipa arubuni, na aseme mapema kwamba ngozi na nyuso ziachwe zilivyo. Asikubali pia kutumiwa picha kwa WhatsApp peke yake, maana hubanwa zikipita huko na hazifai kusafishwa kwa ukubwa wa maana.

Kwa kupiga picha na kuishi na wazee nampa alama zote. Kwa uhariri, nusu, na hizo ni kwa sababu alikubali kosa bila kununa. Nitamwita tena kwa upande wa mama, Pangani.

Ile ya A3, ya kukaa wima, imetundikwa ukumbini. Ya nazi nilimpelekea bibi iliposafishwa upya, akaisogeza karibu na dirisha, akasoma jina la kanga kwa kidole kabla hata ya kujitazama uso, kisha akaagiza nakala mbili zaidi. Moja ni ya mdogo wake aliyeko Unguja. Ya pili amekataa kuniambia ni ya nani.