Kisanduku cha Shughuli za Sukoti: Maoni ya Mwalimu wa Chekechea, Nakuru

Kisanduku hiki cha vifaa, kilichotayarishwa kwa ajili ya chekechea za Kiyahudi nchini Marekani, nimekitumia na watoto wa miaka minne hapa Nakuru, na ninakipendekeza kwa moyo wote. Shughuli iliyo bora ni kujenga kibanda cha Sukoti, sikukuu ya mavuno ya siku 7 inayoanza tarehe 15 ya mwezi wa Tishri katika kalenda ya Kiyahudi, ambacho paa lake huezekwa kwa matawi yaliyoachana kiasi cha nyota kuonekana. Vijiti vilivyomo vilikuwa vifupi mno, kwa hiyo tulitumia mabua ya mahindi, na watoto walipolala chini wakihesabu matundu ya mwanga, nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya muhula huo. Kuchovya vipande vya tufaha katika asali, desturi ya Rosh Hashanah, yaani Mwaka Mpya wa Kiyahudi, hakukuhitaji maelezo. Majani makavu ya kupanga kwa rangi yalivunjika upesi. Nasi, ambao miti yetu haipukutishi majani kwa baridi, tuliokota maua ya jakaranda yaliyoanguka uani. Shanga ndogo ziondolewe kabla ya somo, kwani mtoto anaweza kuzimeza.