Nyoka wa mikokoni usiku, Pasir Ris: uzoefu wangu

Meli yetu ilikaa Singapore siku nne ikingoja mzigo, nami usiku mmoja nikalipia matembezi ya kuongozwa kwenye mikoko ya Pasir Ris. Wenzangu walinicheka: mtu wa Tanga, kwao mikoko imejaa, anakwenda kulipia tope! Lakini nyoka wa mikokoni niliowafuata kwetu hawapo. Familia yao, Homalopsidae, imeenea kuanzia Pakistani na India, ikashuka Asia ya Kusini-Mashariki mpaka kaskazini ya Australia. Afrika haina hata mmoja.

Gari lilichelewa nusu saa, likanikera. Tulipofika, maji yalikuwa yanakupwa. Tukapanda daraja la mbao, na kabla hatujafika mbali dada aliyetuongoza akainamisha tochi bila kusema neno. Nyoka alikuwepo, kajilaza kwenye maji ya kina cha kiganja, rangi yake na tope ni moja, macho yametazama juu, mstari mweusi umekata kando ya uso. Tukaganda. Kisamaki kikapita mbele yake, mara kikawa mdomoni. Sumu anayo, kwenye meno ya nyuma, ila ni hafifu kwa binadamu. Wala hatagi; huzaa.

Nilitamani kumwona na Gerarda, nyoka mwingine wa familia hiyo, yule anayevizia kaa aliyetoka kujivua gamba, akamchana vipande ndipo ammeze. Nyoka kuchana chakula! Hatukubahatika.

Sasa lawama yangu kubwa: kijitabu walichotugawia, karatasi nzuri, picha nzuri, kimemwandika nyoka wetu Cerberus rynchops. Hayo ya zamani. Mwaka 2012 watafiti waliligawa upya kundi hilo: rynchops wakabaki wa upande wa India na Myanmar, wa Singapore akawa Cerberus schneiderii, wa Australia australis, na wa visiwa vya Palau akapewa jina jipya, dunsoni. Yupo na microlepis wa Ziwa Buhi, Ufilipino, ambaye bahari kaiacha kabisa, anaishi maji baridi. Nilipomwonyesha yule dada alicheka, akatoa kalamu akasahihisha nakala yangu palepale. Alisema ofisini kwao ameshawaambia wee, wamechoka yeye kachoka.

Nawapa nyota nne, zote za kwake. Ukienda, uliza kwanza saa za maji: kikundi cha usiku wa kabla yetu kilipelekwa maji yamejaa, kikarudi kimeona kaa wawili.