Uchawi unaokwisha tumboni: mapitio ya Mistborn: The Final Empire

Kichupa cha kioo kinachoenea kiganjani, pombe kidogo, na chembe za metali zilizotuama chini. Mwenye kipaji anatikisa, anapiga funda, kisha anazichoma zile chembe tumboni kwa kutaka tu. Zikiisha, zimeisha. Nguvu inakatika palepale, hata kama wakati huo yuko hewani, juu kabisa ya mapaa ya mji. Hiyo ndiyo Alomansi, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuitafuta Mistborn: The Final Empire, riwaya ya fantasia ya Mmarekani Brandon Sanderson iliyotolewa na Tor Books mwaka 2006.

Mandhari kwa ufupi. Mji ni Luthadel, makao makuu ya dola. Jua ni jekundu, majivu hushuka kutoka angani kama mvua ya vuli, mimea ni ya rangi ya udongo, na usiku ukungu hufunika kila kitu. Lord Ruler ametawala kwa miaka 1,000 na anaabudiwa kama Mungu. Chini yake wako makabaila, na chini kabisa skaa, watumwa wa mashambani na viwandani. Kelsier, skaa chotara aliyetoka hai kwenye machimbo ya Hathsin, anakusanya genge la matapeli ili waiangushe dola kwa wizi mmoja mkubwa. Vin, msichana wa miaka 16 aliyekulia kwenye magenge ya wezi, ana nguvu ambazo mwenyewe anazijua kama bahati yake tu. Kwa hiyo mifupa ya kitabu ni hadithi ya wizi wa kupanga. Fantasia imekuja kama nyama.

Metali za msingi ni nane, na zinakwenda jozi jozi, kila metali na aloi yake. Chuma huvuta metali zilizo nje ya mwili, feleji huzisukuma. Bati hunoa macho, masikio na pua. Pyuta hutia mwili nguvu na kuufanya ustahimili majeraha. Zinki huchochea hisia za mtu mwingine, shaba njano huzituliza. Shaba ya kawaida huificha Alomansi inayotumika jirani, bronzi huinusa. Juu ya hizo kuna dhahabu na atium, metali ya kubuni. Binadamu wa kawaida hawezi hata moja, Misting anaweza moja tu, Mistborn anaziweza zote. Hakuna wa katikati mwenye tatu au tano, na kanuni hiyo moja ndiyo inayolipanga genge zima la Kelsier: Breeze ni wa kutuliza hisia, Ham ni wa pyuta, Clubs ni wa shaba, na kila mmoja ana pengo ambalo mwenzake analiziba.

Usafi wa metali nao unahesabiwa. Pyuta inayofaa ni asilimia 91 ya bati na 9 ya risasi. Ukikosea vipimo, au ukiuziwa metali chafu, kuichoma kunakuletea ugonjwa, na ikiwa mbaya zaidi inakuua. Kelsier anamwonya Vin, mwanafunzi wake, pia asilale na metali tumboni, kwa kuwa ni sumu. Kinachobaki kichomwe chote kabla ya kulala. Onyo lenyewe linapita kwa sentensi chache tu, lakini linaonyesha mwandishi aliyejiuliza kinachotokea asubuhi baada ya vita, swali ambalo watunzi wengi wa fantasia hulikwepa.

Utamu hasa uko kwenye chuma na feleji. Mtu akichoma mojawapo, anaona nyuzi za buluu zikitoka kifuani mwake kwenda kwenye kila kipande cha metali kilicho karibu: kitasa, msumari, sarafu mfukoni mwa mlinzi. Anaweza kusukuma au kuvuta kwa mstari ulionyooka tu, kutoka katikati ya mwili wake. Hawezi kulizungusha panga hewani wala kulipitisha nyuma ya adui. Halafu uzito unaamua nani anasogea. Vin akisukuma sarafu, sarafu inaruka kama risasi ya bunduki. Sarafu hiyo ikigonga ukuta na kukwama, ni kama sasa anausukuma ukuta, na anayerushwa ni yeye. Akisukuma kitu kizito kuliko yeye, anaondoka yeye tangu mwanzo.

Hapo ndipo kuruka kunapozaliwa, na kitabu kinaeleza hatua kwa hatua bila kukuchosha. Dondosha sarafu chini, isukume, ardhi inaizuia, unapaa. Kadiri unavyoiacha mbali ndivyo msukumo unavyopungua, hadi unafika mahali unaning'inia, hupandi wala hushuki. Sarafu ikiwa chini yako wima, huna njia nyingine ila juu na chini. Ukitaka kwenda mbele, lazima iwe nyuma yako kwa mshazari. Kutua nako kuna utaratibu wake: rusha sarafu nyingine chini, isukume kidogo upunguze kasi, na uwe na pyuta inayowaka ili magoti yasivunjike. Kuvuta ni hatari zaidi, kwa sababu kisu unachokivuta kinakuja moja kwa moja kifuani kwako, na usipokwepa au kukidaka umejiua mwenyewe. Somo la kwanza la Vin na Kelsier usiku, sarafu na ukungu, ndilo tukio la kujaribia kitabu hiki. Likikupita bila kukusisimua, kiache. Kilichobaki kimejengwa juu yake.

Kutokana na fizikia hiyo, jamii nzima imejipanga upya. Wapo wapiganaji waliofunzwa kuua watu wa Alomansi, na hawavai wala hawabebi metali yoyote: ngao za mbao, marungu, mishale isiyo na chuma. Mistborn mwenyewe anatumia visu vya kioo cha volkeno ili adui asivisukume. Wapo makabaila wanaovaa vito vya mbao kwa tahadhari, na wanaovaa metali wanajigamba kwamba hawaogopi. Msomaji akizoea, anaanza kukagua vyumba kabla ya wahusika: kuna nini cha chuma humu, na kimekazwa wapi?

Kila chembe ina mwendo wake wa kuungua. Bati hudumu, pyuta huisha haraka, atium huisha haraka zaidi ya zote. Metali pia inaweza kukolezwa, yaani kuchomwa kwa kasi ili nguvu iongezeke, na akiba inatumbukia vilevile. Kuna sehemu Kelsier na Vin wanakimbia mwendo mrefu wakitegemea pyuta peke yake. Mwili unafichiwa uchovu wake, haupumzishwi, na pyuta ikikatika deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Mwandishi hasemi kwamba ni hatari kisha akasahau. Anakuwekea hesabu ya vichupa, na wewe unahesabu naye.

Atium inaonyesha kivuli cha atakachofanya adui sekunde chache zijazo. Ukiwa nayo na mwenzako hana, pambano limekwisha kabla halijaanza. Mkiwa nayo wote wawili, vivuli vinaongezeka ovyo na faida inafutika. Punje moja ni utajiri, inapatikana Hathsin pekee, na Lord Ruler ndiye anayeamua nani auziwe na kiasi gani. Basi uchawi unakuwa uchumi, na uchumi unakuwa mnyororo wa kuwafungia makabaila wenyewe. Kipaji chenyewe ni cha damu ya kikabaila, ndiyo maana sheria inadai mwanamke wa skaa aliyelalwa na kabaila auawe, asije akazaa chotara mwenye nguvu. Na kipaji hakiamki bila mateso makali, kwa hiyo zipo nyumba za makabaila zinazowapiga watoto wao ili kiamke. Ukatili wa dola hiyo umetoka ndani ya kanuni za uchawi wenyewe, haukubandikwa kwa ajili ya kutisha. Hii ndiyo sehemu inayokitofautisha kitabu na vingine vyenye uchawi wa vipimo ambavyo huishia kwenye mapigano.

Aliyelelewa na Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wanageuzwa manyani na hakuna anayeuliza kwa uzito gani na kwa muda gani, atauona ukali huu wa hesabu kuwa mgeni kidogo. Ni ladha mbili tofauti. Uchawi usiopimika unaacha fumbo na hofu. Huu unaleta raha ya fundi anayejua zana zake zilipo.

Mwaka 2007 Sanderson aliandika insha akasema kwamba uwezo wa mwandishi wa kutatua mgogoro kwa uchawi unategemea kiasi ambacho msomaji ameuelewa uchawi huo. Kanuni nzuri, na sura nyingi za kitabu hiki zinaitii. Lakini katika pambano la mwisho anaivunja yeye mwenyewe. Vin anapata nguvu fulani ambayo msomaji hakuandaliwa kuielewa, na maelezo yake yanakuja kitabu cha tatu cha mfululizo huu. Aliyesoma vyote vitatu atasamehe. Aliyenunua kimoja tu ana haki ya kunung'unika, hasa kwa kuwa kurasa zote za nyuma zimemfundisha kudai hesabu.

Kasoro nyingine ni za kawaida zaidi. Lugha ni nyepesi mno: watu wanakunja nyuso na kuinua nyusi karibu kila ukurasa, na mazungumzo mara nyingi ni mtu mmoja kumweleza mwingine mambo ambayo wote wangepaswa kuyajua. Genge zima ni wanaume. Ukimtoa Vin, wanawake wenye uzito katika hadithi ni wa kutafuta kwa tochi. Sura za dansi kwenye majumba ya makabaila, ambako Vin anajifanya binti wa kikabaila na kukutana na kijana wa kikabaila, Elend Venture, zinapunguza mwendo. Zisirukwe, maana siasa za koo zinazopandwa pale ndizo zinazolipuka baadaye, ila zingeweza kupunguzwa theluthi bila hasara. Upande wa pili, wepesi huohuo wa lugha ni neema kwa asomaye Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Sentensi ni fupi, misamiati migumu inajirudia hadi inazoeleka, na mapambano yanafuatika bila kamusi.

Kwa anayetaka kuanza, tia alama ukurasa wa jedwali la metali mwishoni mwa kitabu, Ars Arcanum, ukalitazame kila ukichanganya zinki na shaba njano. Usisome zaidi ya jedwali. Usitafute majina ya wahusika mtandaoni kabla hujamaliza vitabu vyote vitatu, kwa sababu matokeo ya kwanza kabisa ya utafutaji yanaweza kukutobolea siri. Vifungu vifupi vya shajara vilivyo mwanzoni mwa kila sura vinaonekana kama mapambo na wengi huvipita. Visome, ndani yake kuna fumbo la Lord Ruler, na mwenye makini anaweza kulifumbua kabla ya Vin. Sazed, mtumishi kutoka Terris, ana uchawi wake tofauti wa kuweka nguvu akiba ndani ya metali na kuzichota baadaye. Ukimwona anatumia metali kinyume na ulichojifunza, hujakosea.

Toleo la sauti linasomwa na Michael Kramer, kwa utulivu unaofaa safari ndefu, ingawa jedwali hutaliona na metali itabidi uzishike kichwani. Baada ya hapo fuata The Well of Ascension, kisha The Hero of Ages. The Alloy of Law, cha mwaka 2011, kinatokea karne kadhaa baadaye, kina bastola na reli, na kurasa zake za mwanzo tu zinakuambia nani alishinda. Kiache hadi zamu yake ifike.